Makombo ya Mawe

Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nikayafuata. Ninyi vijana mnaobaki karakanani Maisaka mliniambia nikae niandike, maana nikisimulia kwa mdomo naanza Babati naishia Singida. Basi nimekaa. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini hamtazipata hapa. Cheo chetu kilikuwa kimoja, cha kupiga magoti. Nitaandika nilivyoanza, vifaa vyetu, mzee aliyenifundisha, na ile kazi ya mgahawa wa Salim ambayo kila mmoja wenu ameisikia nusunusu.

Shule niliacha darasa la tano. Watu hudhani ni ugonjwa au umaskini. Ukweli ni kwamba shangazi yangu alikuwa anapeleka vitunguu Katesh, akahitaji mtu wa kumsaidia sokoni, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona Katesh. Nilipoiona nikataka kuona kilicho mbele yake. Nimeuza mitumba Mbulu, nimefua mashuka ya wageni Karatu, nimepika machimboni Mererani. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyofanyika, kisha miguu ikaanza kuwasha. Ndiyo maana mnaniita Mama Safari, ingawa sina mtoto wa jina hilo.

Babati nilifika mkoa wa Manyara ukiwa bado unanukia rangi. Kila aliyekuwa na mwiko wa kujengea alikuja, kwa sababu kulikuwa na ofisi za kujengwa na nyumba za watu wa ofisi. Mimi nilikuja kuwapikia mafundi kule Bagara. Siku moja natoka kununua maharage Maisaka, nikasikia mlio nyuma ya nyumba: ko, ko, ko. Haukuwa mlio wa fundi mwashi. Ulikuwa mdogo mno na haukuchoka. Nikabisha hodi, nikazunguka nyuma bila kusubiri jibu.

Alikuwa mzee amekaa kwenye kigoda, amevaa shati jeupe na tai, vumbi limemfunika mpaka kwenye nyusi. Mbele yake kulikuwa na gogo, na juu ya gogo patasi imesimikwa makali yakitazama juu. Anaweka jiwe kwenye makali, analigonga kwa nyundo, linakatika vipande viwili sawasawa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umepotea?”

“Hapana. Nimesikia mlio.”

“Basi umeusikia. Njia ya kutokea ni ile ile uliyoingilia.”

Sikutoka. Nilichuchumaa nikaokota vipande. Kila kimoja kilikuwa na pande zake zote, kidogo kama punje ya hindi.

“Mbona madogo hivi? Kama meno.”

Akaacha kugonga. “Umesema kama nini?”

“Kama meno.”

“Hilo jina zuri. Miaka yote nayaita kwa Kiitaliano na hakuna mtu Maisaka anayejali.” Akanisogezea debe lililojaa vipande vilivyochanganyika. “Haya, chambua. Meupe huku, meusi huku. Yale usiyojua rangi yake weka katikati, hayo ndiyo yenye thamani.”

Maharage ya mafundi yalichelewa siku hiyo, na kesho yake walitafuta mpishi mwingine.

Mzee huyo ndiye Bura. Ujanani alikuwa mwashi wa misheni, akachukuliwa na padri mmoja mjenzi kwenda kusaidia kazi kaskazini mwa Afrika, upande ule wa bahari ya Mediterania. Kazi ya kanisa ilipokwisha hakurudi. Alijiunga na watu wanaochimbua miji ya Warumi wa kale, wakamfundisha kutengeneza sakafu zilizobomoka. Alikaa huko mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Aliporudi Babati, ndugu zake walitarajia gari. Akashusha nyundo yenye ncha mbili, patasi, na tai tatu.

“Warumi hao ni wale wa kina Pilato?” nilimuuliza wiki ya kwanza.

“Hao hao. Wote mnajua Pilato alinawa mikono. Maji yalimwagikia wapi? Sakafuni. Nani aliitandika hiyo sakafu? Hilo hamuulizi.”

Nikaanza kuuliza. Nilimuuliza mpaka akaweka sheria kwamba maswali ni wakati wa chai tu. Ndipo niliposikia habari za nyumba za matajiri wa Kirumi zilizokuwa na samaki, farasi na majira ya mwaka sakafuni, yote kwa meno ya mawe. Alisema ukichimbua sakafu ya namna hiyo inakuwa kijivu, haina uso. Kisha unapitisha sifongo lenye maji, na rangi zinaruka kukutazama. Aliwahi kukuta tofali lenye alama ya mguu wa mbwa aliyepita likiwa bichi. Aliwahi kukuta kona ambayo fundi wa kwanza aliitandika kwa ustadi na fundi wa pili akaja kuiziba vibaya. “Kumbe na wao walikuwa na mafundi wa namna hiyo,” alisema, na siku nzima alikuwa na furaha.

Sasa vifaa, maana najua wengine mnaruka mpaka hapa. Nyundo mnayo, msiinoe kwa mashine ya kusagia ya wachomelea vyuma. Mawe meusi yatoke chini ya Mlima Hanang, yale ya volkano. Mekundu ni vigae vya vyungu na matofali yaliyoungua sana. Ya manjano tulikuwa tunaokota kwenye korongo upande wa Sigino. Kijani ni chupa. Mzee Bura hakunywa pombe, lakini baa zote za Babati zilimjua kwa kuomba chupa zilizovunjika, na sifa aliyoipata kwa ajili hiyo hakuhangaika kuikanusha.

Chini ya sakafu ndiko kwenye kazi. Mawe makubwa kwanza, kisha kokoto na chokaa, kisha chokaa laini iliyochanganywa na unga wa vyungu vilivyotwangwa. Alikataa saruji kabisa. “Saruji inashika kama mdai,” alisema. “Chokaa inashika kama mke mwenye akili, anajua wakati wa kuachia.” Mkewe, Mama Bura, alikuwa anatwanga vyungu pale pale. Akamjibu bila kuinua kichwa, “Mimi nilipaswa kuachia ulipokuwa kwa Warumi.”

Na kumbukeni mistari miwili. Ukitandika samaki, usirukie kujaza nyuma yake. Zungusha kwanza meno meupe mistari miwili kufuata mwili wake, kama vile maji yanavyomfuata, kisha ndipo ujaze. Usipofanya hivyo samaki anaonekana amebandikwa. Nilitandika samaki aliyebandikwa mara nyingi, na kila mara Mzee alimng'oa kwa kidole kabla chokaa haijakauka, akiimba.

Tulifanya ngazi za nyumba za wageni, tulifanya makaburi, tulifanya uwanja wa kanisa moja njia ya Dareda. Kazi nyingi zilikuwa za mapambo: mistari, mafundo, nyota. Picha hatukupewa. Mzee Bura maisha yake yote alikuwa ametengeneza picha za watu waliokufa zamani, anaziba jicho hapa, anarudisha mkia pale. Ya kwake hakuwa nayo hata moja. Hakuwahi kulalamika, ila mtoto wa jicho alipoanza kumfunika jicho la kulia, akaanza kuvaa tai mpaka Jumapili jioni, na kukasirika bila sababu. Mama Bura aliniambia, “Anahesabu mwanga uliobaki.”

Hapo ndipo Salim alipotuita. Salim alikuwa na mgahawa karibu na stendi, alioachiwa na baba yake, mfanyabiashara wa zamani hapa mjini. Sakafu yake ilikuwa imepasuka. Alitaka nyota.

“Nyota zipo msikitini na mbinguni,” alisema Mzee Bura. “Hapa watu wanakula. Nitakuwekea makombo.”

“Makombo gani tena, mzee wangu?”

Mzee akamweleza. Warumi walikuwa na sakafu za vyumba vya kulia zilizoonyesha chakula kilichoanguka: miiba ya samaki, maganda, mguu wa kuku, kana kwamba karamu imekwisha sasa hivi na mfagiaji hajafika. Yeye mwenyewe alishika moja kwa mikono yake kule kaskazini. Mwenye nyumba alitaka ionekane kwamba kwake watu wanakula mpaka kinaanguka. Wengine walisema kilichoanguka mezani kilikuwa fungu la wafu wao, hakiokotwi.

Salim alicheka mpaka akakaa. “Yaani uchafu usiofagilika! Fanya, mzee. Babati nzima itakuja kuona.”

“Kuna na panya.”

“Panya?” Kicheko kikaisha. “Mzee Bura, mimi nina mgahawa, sina magofu. Panya hapana.”

“Panya wa Warumi anakula njugu. Mpole kabisa.”

“Hata awe anaswali. Hapana.”

Panya akaachwa. Mengine yote tuliyatandika, na sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Tuliweka perege wa ziwa letu amebaki mifupa na kichwa. Tuliweka gunzi la hindi, maganda ya maharage, mguu wa kuku, ganda la chungwa lililozunguka, kokwa za tende kwa heshima ya mwenye nyumba. Kila kitu kilikuwa na kivuli chake cha meno ya kijivu, kwa sababu kivuli ndicho kinachokilaza kitu chini. Mzee aliamua jua liingie kwa mlango mkubwa asubuhi, na vivuli vyote vikaelekea jikoni. Jicho lake la kushoto nalo lilikuwa limeanza kufunikwa. Alikuwa ananiuliza, “Hili ni kijivu au bluu?” nami namjibu, naye anaweka jino mahali pake kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo.

Siku ya kufungua, mhudumu alifagia mfupa wa samaki kwa nguvu zake zote mpaka watu wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekuja na mahindi kutoka Dareda aliinama kuokota ganda la maharage, akakwaruza kwa ukucha, akainuka ananung'unika kwamba siku hizi hata uchafu ni wa bandia. Mzee Bura alikaa kwenye kona na chai yake, tai imenyooka, anasikiliza. Hakuwa anaona vizuri, lakini alitambua kila mteja mgeni kwa jinsi anavyosita mlangoni.

Mwaka ule ulikuwa mzuri. Kisha utani ukazeeka.

Watu wa Babati walishaizoea sakafu. Waliobaki kushangaa ni wageni, na mgeni haingii kushangaa, anaingia kula. Salim akawa anasimama mlangoni kueleza. Wasafiri wa mabasi walikuwa wanachungulia, wanaona mifupa chini, wanavuka barabara. Bwana afya mmoja alipita, akaelewa, akacheka, lakini akasema anayekuja baada yake huenda asicheke. Na mgahawa mpya ulikuwa umefunguliwa upande wa pili, una marumaru za dukani zinazong'aa kama kioo.

Nilipita pale asubuhi moja nikakuta maboksi ya marumaru yamepangwa ukutani, na fundi kijana anayeitwa Joshua anapima kwa futi.

“Shikamoo Mama Safari,” Salim alisema, bila kunitazama usoni.

“Marahaba. Hizi za wapi?”

“Za hapa. Mama, nisikilize. Mimi si adui wa sakafu yenu. Nimechoka kueleza. Baba yangu aliuza chakula hapa miaka yote bila kutoa maelezo hata siku moja.”

“Na hii ya chini?”

Joshua akajibu badala yake. “Hiyo inachimbuliwa, mama. Nikipandisha juu yake mlango hautafunguka. Keshokutwa nyundo kubwa, jioni tumemaliza.”

Nilirudi Maisaka nikikimbia, na wakati huo magoti yalikuwa bado yanakimbia. Njiani nilishapata dawa. Mzee alikuwa amenisimulia jinsi wanavyoinua sakafu za kale: unabandika kitambaa juu yake kwa gundi, kikikauka unapitisha patasi ndefu chini, chokaa inaachia, na sakafu yote inaviringishwa kama mkeka. Yeye alishaviringisha nyingi. Tungeiviringisha na hii, tuilete karakanani, tuisimamishe ukutani.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alikuwa anachambua meno kwa kuyagusa.

“Hapana,” alisema.

“Mzee, wataivunja!”

“Nimesikia. Lakini sitaiinua. Zile nilizoinua zote ziko ukutani kwenye majumba ya makumbusho. Nilikwenda kuziona. Watu wanazitazama kama wanavyotazama kalenda. Hakuna anayezikanyaga. Sakafu ikiacha kukanyagwa imekwisha, wanaotunza ni ngozi yake.”

“Bora ngozi kuliko kifusi.”

“Mama Safari. Unajua kwa nini tulizikuta za Warumi?”

“Kwa sababu zilikuwa imara.”

“Zilizoachwa wazi hatukuzikuta, na zilikuwa imara hivyo hivyo. Tulizikuta zilizofunikwa. Nyumba imeanguka juu yake, mchanga umekuja, mtu mwingine amejenga yake juu bila kujua.” Akasimama, akapapasa ukutani akitafuta tai. “Nipeleke kwa Salim. Namtaka aifunike, asiiguse.”

Ndivyo tulivyokwenda, mimi nimemshika mkono, na sikuwa na imani hata kidogo. Mgahawani wateja walikuwa wachache. Mzee Bura alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale, akaingia kwa nyayo.

“Shikamoo mzee wangu,” alisema Salim, akasimama.

“Marahaba, mwanangu. Sijaja kugombana. Mgahawa ni wako. Weka marumaru, ziwe nzuri, zing'ae mpaka watu wajione meno yao. Nakuomba moja. Usichimbue. Tutandaze mchanga safi juu, vidole viwili, kisha Joshua aweke zake.”

“Mchanga mtupu hautashika marumaru,” alisema Joshua.

“Utaweka zege lako jembamba juu ya mchanga. Chini yake pabaki pakavu, pasishikane. Hujawahi kufanya hivyo, lakini nitakusimamia.”

Joshua akatazama chini akakuna kichwa. “Inawezekana. Ila mlango, mzee. Unafungukia ndani. Sakafu ikipanda, mlango umekwama.”

“Ukatwe chini.”

Hapo Joshua akamgeukia Salim. Mlango ule mnaujua, ni wa mninga, baba yake Salim aliuleta Babati kabla ya umeme. Salim alikuwa anaupaka mafuta kila Idi inapokaribia kama mtu anayepaka mtoto.

“Mzee Bura,” alisema taratibu, “unaniomba niukate mlango wa baba yangu kwa ajili ya sakafu ambayo hakuna mtu atakayeiona?”

“Ndiyo.”

“Itamsaidia nani?”

“Sijui. Simjui. Na aliyefunika ile niliyoishika mimi hakunijua.”

Salim alikwenda mlangoni, akaufungua na kuufunga, akaufungua tena. Kisha akatazama pale Mzee aliposimama pekupeku, katikati ya mifupa ya perege, kichwa kimeinama upande mmoja, vidole vya miguu vinatembea juu ya meno, kimoja baada ya kingine. Alikuwa anaisoma. Ndipo mimi nilipofahamu kwamba sasa haoni kabisa, na alitwambia anaona ili tusiache kumpa kazi.

“Joshua,” alisema Salim, “una msumeno?”

“Ninao, bosi. Nikate?”

“Lete. Nitakata mwenyewe. Ukipindisha wewe nitakuchukia mpaka Kiama.”

Walitoa mlango kwenye bawaba wakaulaza juu ya meza mbili. Salim alikata kipande cha chini kwa mkono, jasho linamtoka, na vumbi la mninga likaanguka kwenye makombo yetu. Mimi na Mama Bura, aliyekuja kusaidia, tulifagia, tukapitisha maji mara moja, rangi zikajitokeza zote, tukaacha zikauke. Kisha tukaanza kutandaza mchanga kutoka jikoni kuelekea mlangoni. Mzee alikaa kizingitini, anauliza kila dakika, “Mmefika wapi?” Nami namwambia: kwenye gunzi. Kwenye chungwa. Kwenye tende.

“Ikilala vizuri,” alisema, “inaweza kuishi kuliko sisi wote, na Salim, na mkoa.”

Alifariki masika yaliyofuata. Nilikaa kwenye karakana yake, mimi ambaye sikuwahi kukaa popote, na ninyi mkaja mmoja mmoja, na mengine mnayajua.

Mgahawa sasa unaendeshwa na watoto wa Salim, na ni watoto wema, lakini wanazungumza habari za ghorofa. Mimi huwa nakwenda kunywa chai pale asubuhi, meza ya pili kutoka jikoni. Nasikia viti vinaburuzwa juu ya marumaru, watu wanaagiza supu, mtu anaangusha mfupa wa kweli na mhudumu anaufagia. Magoti yangu hayawezi tena kupiga sakafuni, na siku ya msingi wa ghorofa sitakuwa mtu wa kukimbia. Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoweza. Mkisikia nyundo kubwa pale, acheni chochote mlicho nacho mkononi. Ombeni muanze ninyi. Toeni marumaru na zege kwa patasi ndogo, mkifika kwenye mchanga wekeni vyuma vyote pembeni, fagieni kwa mkono kuanzia mlangoni, na mtafute ndoo ya maji.